Mtoto wako anaenda kupokea nini? Maneno kwa wazazi wa Komunyo ya kwanza, Goma

(Haya ni maneno niliyosema mu sale ya parokia mbele ya wazazi. Wengi waliomba niyaandike ili wale waliokosa nao wasome, nimeyaacha karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.)

Tumsifu Yezu Kristu! Wapapa, wamama, wasimamizi wa ubatizo, wakubwa wa mashirika (zile jumuiya ndogo za wakristu), na wewe Baba Paroko, asanteni kwa kufika na hii mvua.

Nianze na nguo, juu najua njo kitu iko mu vichwa vya wengi hapa, na nisipoitoa kwanza mtanisikiliza na sikio moja. Kila mwaka kuna mtoto amefuata mafundisho yote, anajua sala zake, ameungama, na siku ya Komunyo hatumuoni. Ukienda kuuliza nyumbani unakuta mama amemzuia juu hakupata nguo nyeupe, ao alikuwa ameipanga kwa mtu wa kukodisha na yule akaipatia mwenye kulipa zaidi, ao viatu havikupatikana, ao baba amesema tungoje mwaka kesho ili ndugu wa Bukavu wafike na tufanye sherehe ya maana. Nasema wazi: hiyo ni kumnyima mtoto chakula. Hakuna mahali Kanisa limeandika kwamba Komunyo inahitaji robe ndefu, gants na taji ya maua. Linachoomba kiko mu uwezo wa kila nyumba hapa, hata ile ambayo asubuhi haikuwasha makala: mtoto awe amebatizwa, awe na akili ya kutambua kwamba anachopewa ni Mwili wa Bwana na si mkate wa kawaida, moyo wake uwe umesafishwa na kitubio, na asikule kitu saa moja kabla ya kupokea, maji na dawa vinaruhusiwa. Basi. Mtoto akuje na nguo yake ya siku ya Mungu, ya Jumapili, safi, imepigwa pasi, inatosha, na kama hata hiyo haiko, mkubwa wa shirika aniambie kimya kimya, tutaipata bila mtu kujua imetoka wapi.

Na msiniambie bado ni mdogo. Kuna wakati watoto walikuwa wanangojeshwa mpaka miaka 12, 14, mpaka wajue katekismu yote kwa kichwa, na Papa Pio X mwaka 1910 akakataa hiyo desturi, akasema mtoto akifika umri wa kutumia akili, karibu miaka 7, na anajua kutofautisha huu mkate na ule wa mezani, apewe. Hata kufunga chakula kulikuwa kugumu sana, tangu saa sita za usiku, hata maji tone moja hapana, wazee wetu walituelezea vile watu walikuwa wanatembea kutoka vilima vya mbali na tumbo tupu. Pio XII alilegeza mwaka 1953 na 1957, kisha Paulo VI mwaka 1964 akafikisha ile saa moja tuliyo nayo leo. Mnaona Kanisa limekuwa linasogeza meza karibu na wadogo na wachovu, sasa sisi tusiirudishe mbali na mambo ya nguo.

Sasa tuingie ndani. Mtoto anaenda kupokea nini?

Watoto wanaokaa karibu na nyumba ya masista wanajua vile hostia inatengenezwa. Unga wa ngano na maji, basi, hakuna chumvi hakuna sukari hakuna chachu. Ule uji mwepesi unamwagwa katikati ya vyuma viwili vya moto, vinafungwa, unasikia mvuke unalia pembeni, na kinachotoka ni kitu cheupe chembamba kama karatasi. Wanakiacha kipate unyevu kidogo ili kisivunjike, kisha wanakata viduara, vidogo vya wakristu na vikubwa vya padri. Yanayobaki ni masalio ya pembeni, na watoto wanayapenda sana, wanakuja mlangoni na sahani. Ni kwa sababu ya hayo masalio mtoto mmoja aliuliza mu mafundisho: mimi nimeshakula hostia mingi kwa masista, sasa Komunyo itanipa nini kipya? Wenzake walicheka lakini hakuna kitu cha kuchekesha pale, yule mtoto aliuliza swali ambalo Kanisa zima limekuwa linajibu tangu mitume.

Jibu ni hili. Kwa ulimi hatasikia tofauti. Rangi ni ile, ladha ni ile, ukivunja inavunjika vile vile. Lakini ile ya mlangoni kwa masista ni mkate, na ile ya altareni padri akishamaliza maneno ya Kristu si mkate tena, ni Yezu mwenyewe, mwili na damu, roho na umungu, mzima. Kinachoonekana kinabaki, kile kitu chenyewe kinageuka. Njo maana tunaita mageuzo. Mtaguso wa Laterano mwaka 1215 ulitamka hivyo na ule wa Trento mwaka 1551 ukakazia, lakini msidhani imani ilianza pale. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto karibu mwaka 55, mbele hata Injili hazijaandikwa, akasema yeye mwenyewe alipokea kwa Bwana yale aliyowakabidhi, kwamba Bwana Yezu usiku ule aliotolewa alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akasema huu ndio mwili wangu. Na someni Yohana sura ya 6 na mtoto wako nyumbani, polepole. Yezu anasema mwili wangu ni chakula cha kweli na damu yangu ni kinywaji cha kweli, watu wanakwazika, wanasema neno hili ni gumu, wengi wanageuka wanaenda zao. Yeye hakuwakimbilia akasema ngojeni, nilikuwa natoa tu mfano. Aliwaacha waende, akawageukia wale Kumi na wawili akauliza kama nao wanataka kuondoka. Mimi nikisoma pale nasimama kila mara, juu angeweza kuokoa kundi lake kwa neno moja tu na hakulisema.

Mu Misa mfundishe mtoto kuangalia ile saa. Padri ananyoosha mikono juu ya mkate na divai, anaomba Roho Mtakatifu ashuke, kengele inalia, kisha anainama na anasema maneno yenyewe ya Yezu. Angalieni vizuri, hasemi huu ni mwili wa Yezu, anasema huu ndio mwili wangu. Anayesema ni Kristu, padri anamkopesha mdomo na mikono. Kwa hiyo Misa ya padri mtakatifu na ya padri mwenye madhaifu, Kristu anayekuja ni mmoja, hapunguki. Na hostia ikivunjika katikati hapunguki pia, kila kipande ni yeye mzima, mtoto asikuje kulia eti mimi nilipewa nusu.

Kuna jambo lingine tunalipita mbiombio na si la kupita. Ekaristia ni chakula, ndiyo, lakini ni chakula kilichotoka ku msalaba. Kristu alikufa mara moja tu, Barua kwa Waebrania inasema hivyo bila kuzunguka, hatumuui tena kila siku ya Mungu. Ila sadaka yake ile ile moja inawekwa mbele yetu, sisi wa leo, watu wa Goma, kana kwamba tumesimama pale chini na Maria na Yohana. Mama aliyempoteza mtoto mu hii vita, anapoleta uchungu wake mu Misa hauleti kama mtu anayeleta barua ku ofisi, anauweka ndani ya sadaka ya yule ambaye naye alitobolewa. Sina maneno mengi zaidi ya hapo. Kuna watu wamekaa mu hii sale wanajua hilo kuliko mimi mwenye kufundisha.

Vijana wananiuliza sana: ju ya nini ngano na zabibu, vitu ambavyo kwa wengi wetu havitoki mu shamba la nyumbani? Ju ya nini isiwe fufu ya muhogo na kasiksi, ile pombe ya ndizi? Si swali la ukaidi, hata wanateolojia wa Afrika walilibishana sana mu miaka ya 1970 na 1980. Kanisa limebaki na mkate wa ngano na divai ya zabibu, sheria yake iko mu kanuni 924 ya Sheria za Kanisa, juu njo vitu Yezu alitwaa mkononi usiku ule na hatujioni tuko na ruhusa ya kuvibadilisha. Mimi naikubali na moyo wangu wote, na nitawaambia sababu yangu: vile hostia inayopewa bibi kizee wa Masisi ni sawa kabisa na ile Papa anapokea Roma, hakuna ya tajiri na ya maskini. Lakini muhogo wetu haukufukuzwa. Angalieni maandamano ya vipaji, wamama wanaingia wanacheza na maharagwe, ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, makala, sabuni, na mbele ya hayo yote mkate na divai. Padri anaposema tunda la ardhi na kazi ya mikono ya wanadamu, hiyo kazi ni yenu, ni ule mgongo unaoumwa.

Na Roma iliukubali huo moyo wetu. Ile rite, ile namna ya kuadhimisha Misa tunayoita zaïrois, Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, Kardinali Malula na maaskofu wetu waliipigania miaka mingi na ikakubaliwa mwaka 1988. Tunawaita watakatifu na mababu zetu wenye moyo mnyofu wasimame nasi, tunacheza kuzunguka altare wakati wa wimbo wa Utukufu, tunaketi kusikiliza Injili kama watoto mbele ya mzee. Papa Fransisko mwenyewe aliadhimisha Misa kwa rite hii ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, tarehe 1 Desemba 2019, halafu tena mwaka 2022. Kitu kimoja ndani yake nawaomba mkiangalie sana: kuomba msamaha na kupeana amani havikai mahali pa kawaida, vinakuja baada ya Neno la Mungu, mbele ya vipaji. Ni Mathayo sura ya 5: ukileta sadaka yako na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda mpatane kwanza. Hapa Goma, mu hii Kivu yetu ambapo mtu anaulizwa kabila mbele ya kuulizwa jina, ile amani unayompa jirani wa benchi haina utani ndani. Unamshika mkono mtu ambaye ndugu zako wamekukataza kumuamini, halafu mnaenda kula Mwili mmoja. Kama mkono umekataa, kaa, fikiri, ungama, kisha rudi.

Sasa nimefika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Wale Wakorinto wa Paulo walikuwa wanakusanyika kwa meza ya Bwana, na matajiri walikuwa wanafika mapema juu hawana mtu wa kuwaamuru, wanafungua vyakula vyao, wanakula, wanakunywa mpaka wengine wanalewa. Watumwa na wafanyakazi wa bandarini wanafika usiku, wachovu, wanakuta sahani tupu. Paulo hakuwaambia mmekosa adabu. Aliwaambia mnachokula si chakula cha Bwana. Aliwauliza kama wanadharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Na papo hapo, katikati ya hiyo hasira, njo anawakumbusha maneno ya usiku ule, huu ndio mwili wangu ulio kwa ajili yenu, halafu anasema anayekula bila kuutambua mwili anakula hukumu yake mwenyewe. Mnaona hivyo vitu viwili anavifunga kamba moja? Kumtambua Kristu mu mkate na kumtambua mu yule aliyefika na njaa. Ukiacha kimoja, na kile kingine kimeanguka.

Wakristu wa kwanza walielewa hivyo. Karibu mwaka 155 Mtakatifu Justino, akiwa Roma, alimwandikia kaizari kumueleza wakristu wanafanya nini siku ya jua, ni kusema siku ya Mungu, na ukisoma ni Misa yetu kabisa: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, watu wanaitikia Amina, mashemasi wanapelekea wasiofika. Na bila kuvuta pumzi anaendelea kwamba wenye uwezo wanatoa, na ile pesa inaenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni wapitao. Yohane Krisostomo baadaye aliwapigia kelele watu wake wasimvike Kristu hariri ndani ya kanisa huku wanamuacha nje anatetemeka na baridi.

Lakini tuko na wetu, tusiende kutafuta mbali. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa hapa Goma mwaka 1981. Alisomea sheria, alikuwa mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, anakaa na maibobo, watoto wa barabarani, anawafundisha, anakula nao, anataka warudi masomo. Kisha akapata kazi OCC, ile ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na kazi yake hapa mpakani ilikuwa kuangalia kama chakula kinachoingia kinafaa kuliwa. Kukafika mchele ulioharibika. Watu wakamletea pesa afunge macho. Akakataa. Wakaongeza, wakamtumia na wakubwa, akakataa, juu ule mchele ungeenda sokoni, ungenunuliwa na mama mwenye franga kidogo, ungepikiwa watoto. Mu mwezi wa saba 2007 wakamteka, wakamtesa, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana mu uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri Roma, mu Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Mimi kwangu huyu kijana ni mafundisho ya Komunyo kuliko kitabu chochote nilicho nacho. Mtu ambaye amelishwa Mwili wa Kristu hawezi kuwalisha watoto wa wengine sumu. Hakufia kitu kikubwa cha kuimbwa na redio, alifia magunia ya mchele, chakula cha watu asiowajua majina. Wakati mwingine tunadhani imani ya Ekaristia ni kupiga magoti vizuri na kufumba macho, na mimi napenda watu wapige magoti, lakini Floribert alikuwa anaabudu na saini yake pia, ile saini aliyokataa kuweka.

Kwa hiyo mama, mtoto wako anakuangalia sokoni. Anaona lile kopo la kupimia maharagwe, vile lilivyogongwa chini na nyundo ili lipungue ndani, na mteja anaangalia juu tu vile limejaa na kilele. Anaona unga wa muhogo unachanganywa na ule ulioota ukungu, unapigwa jua kidogo, unarudishwa mu mfuko. Baba, anakusikia ku telefone unapanga na mtu wa duane, wa forodha. Yeye mu mafundisho tumemwambia Mwili wa Kristu ni kwa ajili ya wote. Najua maisha ni magumu, najua kodi ya nyumba, najua bei ya maji inapopanda, sisemi kutoka juu ya mlima. Lakini kopo lililogongwa linamuibia mama mwingine ambaye siku ya Mungu tutapanga naye foleni moja ya Komunyo, na pengine mtoto wake na wako wamekaa benchi moja mu mafundisho.

Kuna neno lingine, nalisema na heshima kubwa. Wazazi wengi hapa hampokei. Mnaishi pamoja, mmezaa, mnapendana, lakini ndoa ya Kanisa haijafanyika, juu ya mahari haijaisha, ao juu familia inataka sherehe ya dola nyingi, ao juu mambo ya zamani ni ya kuchanganyikiwa. Siku ya Komunyo mtoto ataenda mbele peke yake, atageuka, atawaona mmekaa. Na usiku atauliza: papa, mbona wewe haukukula? Usimkaripie. Na wewe usikae nyuma karibu na mlango kama mtu aliyefukuzwa, Misa ni yako, Neno ni lako, baraka ni yako. Lakini usizoee. Kuja umuone Baba Paroko, hakuna atakayekulipisha kwa kuuliza. Kuna wengi ambao kizuizi chao ni bei ya sherehe tu, na ndoa haina bei, inahitaji watu wawili walio huru, mashahidi na padri, na parokia zinafungisha ndoa za watu wengi siku moja bila keki ya gorofa tatu. Kwa wale ambao hali yao ni ngumu kuliko hiyo, padri atawasikiliza polepole. Nimeona watu waliokaa miaka mingi bila kupokea, siku wamepokea tena walilia kama watoto, na watoto wao walikuwa pale wakiwaangalia.

Na yule baba anayemshusha mtoto na pikipiki mbele ya kanisa kisha anageuza anarudi kulala, nimemuona, sitaji. Mwaka 304, hapa Afrika, mu muji wa Abitina, inchi inayoitwa leo Tunisia, kaizari Diokletiano alikuwa amekataza wakristu wasikusanyike. Wakristu 49 walikamatwa wakiwa ku Misa ya siku ya Mungu, mu nyumba ya mtu, wakapelekwa Karthago. Hakimu akamuuliza Emeritus, mwenye kuwapokea, ju ya nini uliwaruhusu waingie? Akajibu kwamba bila ile Misa ya siku ya Bwana hatuwezi. Walikufa wote juu ya hilo jibu. Sisi hapa tumeona lava ya Nyiragongo ikichukua cathédrale yetu ya Saint Joseph mwaka 2002, na watu walisali, chini ya mahema, juu ya mawe meusi. Tumeona siku ambazo risasi zilikuwa zinalia na wamama wakavaa vitambaa wakaja Misa. Watu wa namna hiyo hawawezi kushindwa na usingizi wa asubuhi.

Muonyesheni mtoto vile anapokea. Mikono miwili, mmoja chini ya mwingine, iliyooshwa. Mu karne ya 4 Sirili wa Yerusalemu alikuwa anawafundisha wabatizwa wapya wafanye mikono yao kiti cha enzi juu wanampokea Mfalme, na wachunge hata chembe isianguke, kama mtu aliyepewa vumbi ya dhahabu. Kama anataka kupokea ku ulimi, sawa. Akule pale pale mbele ya mhudumu, asitembee nayo. Na ile Amina iwe na sauti, si ya kunong'ona. Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hipo, aliwaambia wakristu wake kwamba wanapoitikia Amina wanaitikia juu yao wenyewe, juu wao ni mwili wa Kristu: muwe kile mnachokiona, mpokee kile mlicho. Kisha mtoto arudi mahali pake akae kimya na Yezu, na nyinyi na telefone za foto muache hizo dakika, kuna mtu mmoja wa foto amepewa ruhusa na wote mtapata.

Neno la mwisho ni la wagonjwa, juu tunawasahau sana. Ekaristia inatunzwa mu tabernakulo, pale taa nyekundu inawaka, kwanza kabisa kwa ajili yao. Bibi aliye kitandani nyumbani ana haki ya Komunyo kama mtoto wako, na mtu anayekaribia kufa Kanisa linataka apewe kama chakula cha safari, msingoje mpaka amepoteza fahamu njo mnakimbia kumuita padri usiku. Nataka wiki ya Komunyo ya kwanza kila mtoto ajue mgonjwa mmoja wa shirika lake. Andikeni majina na avenue, mpe mkubwa wa shirika mbele ya Jumatano. Siku mhudumu anakuja, nyumba iwe imefagiwa, meza ndogo na kitambaa cheupe, mshumaa, maji kidogo mu glasi, televizio izimwe, na jirani wa dini ingine wakitaka kukaa wakae na heshima. Mtoto wako aende mbele ya mhudumu, ashike mshumaa, apige hodi. Jua likiwa kali ao mvua ikinyesha wanaenda tu, juu mgonjwa anangoja.

Haya, maswali. Mkono juu, na tusikilizane.